Boma kwanza, jina baadaye

Anayemtafuta babu Mjerumani aliyehudumu Biharamulo, au babu Msubi aliyekuwa askari chini yake, kwa kawaida huanza na jina. Hapo ndipo wengi hukwama. Wahudumu wa maktaba ya historia ya familia ya Salt Lake City, Marekani, wakipokea mtu mwenye asili ya Ujerumani humuuliza kwanza mji. Usajili wa vizazi na vifo kwa nchi nzima ulianza Ujerumani 1876 tu. Kabla ya hapo tegemeo kubwa ni vitabu vya kanisa, kila parokia na vyake. Kwa Biharamulo na Ngara, swali lenye uzito huohuo ni hili: mwaka ule, eneo lilikuwa chini ya boma la nani?

Jibu halitulii. Wajerumani waliliita eneo la Biharamulo Ussuwi, wakalisimamia kupitia Bukoba. Juni 1916 Wabelgiji waliiteka Biharamulo. Waingereza walikabidhiwa 1921. Mtu mmoja aliyeishi pale pale anaweza kuandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na majalada yake yakatawanyika Dar es Salaam, Berlin, Brussels na London.

Pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majalada ya Kijerumani yaliyoko humo yaliingizwa 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Mwongozo wa majalada hayo, uliotolewa Marburg 1973 na Eckhart Franz na Peter Geissler, umepangwa kwa idara na mada. Asiyejua ofisi iliyohusika atapekua bila kufika.

Jalada likipatikana, kuna kazi ya macho. Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Biharamulo mara nyingi ni Biaramulo. Katika mwandiko wa Kijerumani wa zamani, *e* hufanana na *n*, na *u* hutambulika kwa kialama kilicho juu yake. Bahati nzuri, makarani wengi waliandika majina ya kigeni kwa herufi za Kilatini. Basi pitisha jicho ukiwinda jina la mahali, kisha ndipo usome sentensi inayolizunguka.

Kwa ofisa wa jeshi, tahadhari: sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam Aprili 1945. Badala yake pekua gazeti la serikali, Deutsches Kolonialblatt, lililochapisha teuzi na uhamisho.

Askari Mwafrika ana njia nyingine. Kama alibatizwa, kitabu cha parokia humtaja yeye, wazazi na msimamizi wake, na pembeni huenda ndoa yake iliongezwa baadaye. Vituo vya Mapadri Weupe viliandika pia shajara ya kila siku. Lakini askari wengi walikuwa Waislamu, na ushahidi wao uko kwa wazee wa ukoo. Husimuliwa kwamba miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipowalipa askari wake wa zamani, waliofika Mwanza bila cheti walipewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani. Waliojua amri walilipwa.

Kwa hiyo mpangilio ni mwaka, boma, jalada, ndipo jina. Masimulizi ya wazee yakusanywe mapema kabisa, maana ndiyo yatakayotoa huo mwaka.