Kuukagua Ukuta wa Cusco kwa Siku Tatu

Cusco, kwenye milima ya Andes nchini Peru, ulikuwa mji mkuu wa himaya ya Wainka mpaka Wahispania walipouingia Novemba 1533. Dhahabu yake iliyeyushwa, mapaa yake ya nyasi yaliteketea, wafalme wake wakauawa. Kuta hazikubebeka kirahisi hivyo. Bado zipo, na juu yake pamejengwa makanisa, nyumba za wakubwa na, siku hizi, hoteli. Mwenye siku tatu tu mjini hapo akitaka kuona kila kitu atarudi na picha mia tano na hadithi moja. Mimi ningemshauri achague uashi, azipange siku zake kwa kufuata kuta, na mengine yote, soko la San Pedro, vitambaa vya sufu ya alpaka, maandamano ya watakatifu, ayapokee yatakayomkuta njiani.

Shida ni kwamba kuta hizi husifiwa kwa mambo yasiyo na maana. Waongoza watalii wana vipimo vyao vya haraka: jiwe kubwa kuliko yote, jiwe lenye pembe nyingi kuliko yote, na wembe wa kisu usiopita kati ya jiwe na jiwe. Ukubwa hupima idadi ya watu waliovuta kamba, haupimi mkono wa fundi. Pembe nyingi mara nyingine zina maana kwamba jiwe lilikuja na umbo lake na fundi akaona heri alifuate kuliko kulipunguza. Na kisu hakikwambii kitu, kwa kuwa hata ukuta wa ovyo una mahali pawili patatu ambapo kisu kitagoma. Tena kuzichokoa kuta hizo kwa chuma ni kosa la jinai. Mwaka 2025 mtu mmoja aliligonga jiwe mashuhuri la pembe kumi na mbili, akalimegua.

Kabla ya kuta, mwili. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu azikumbuke kambi za Mandara na Horombo: mji huu uko katikati ya hizo mbili, ukikaribia zaidi ya pili, ila huku hukupanda kwa miguu siku mbili. Ndege kutoka Lima inakutua hapo baada ya saa moja na ushee, na kichwa kinaanza kugonga kabla hujaupata mzigo wako. Kwa hiyo usilale Cusco usiku wa kwanza. Toka uwanja wa ndege upande gari la abiria uteremke bonde la mto Urubamba hadi Ollantaytambo, mwendo usiopita saa mbili kwa kawaida. Huko ni mita 2,800 hivi, yaani kimo cha Mandara, na utalala. Chai ya majani ya koka utakayokaribishwa nayo kila hoteli ni halali nchini Peru na husaidia kidogo. Majani yenyewe usiyatie kwenye begi la kurudia nyumbani, maana askari wa uwanja wa ndege wa kwetu hataki maelezo.

Mpangilio huu unalifaa jicho kuliko hata unavyolifaa pafu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na Ollantaytambo ndiko kazi ilikoachwa njiani, kwa hiyo ndiko unakoweza kuona jinsi ilivyoundwa. Panda ngazi za matuta hadi juu ya ngome. Hapo yamesimama mabamba sita ya jiwe lenye wekundu wa mbali, kila moja refu mara mbili ya mtu au zaidi, na baina yake vipande vyembamba vilivyosimamishwa wima. Mawe hayo yalitoka machimbo ya Kachiqata, ng'ambo ya mto, juu ya mlima unaoutazama ukisimama pale. Yaliteremshwa, yakavushwa maji, yakapandishwa tena. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Watu wengi hupiga picha mabamba sita na kushuka. Wewe tafuta yaliyoanguka au yasiyopata kuwekwa, uyatazame migongo. Juu ya baadhi yake utaona uso uliochongwa kwa kina kidogo, wenye ukingo na bonde, mithili ya kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Hiyo ni siri kubwa ya kazi nzima: jiwe la juu lilipokuwa tayari, jiwe la chini, ambalo limekwisha kaa ukutani, ndilo lililochongwa kulipokea. Fundi alijaribu, akaondoa, akagonga palipogusa, akajaribu tena. Ukishaliona hilo, habari za mawe kulainishwa kwa utomvu wa mmea fulani wa porini, ambazo utasimuliwa angalau mara moja, zitakuchekesha.

Wainka hawakuwa na chuma. Walikuwa na shaba nyeusi, lakini mawe walichonga kwa mawe: magumba, yaani mawe magumu ya mtoni, yaliyoshikwa kwa mikono miwili na kuangushwa, yakadunda, yakaangushwa tena. Msanifu majengo Jean-Pierre Protzen alilijaribu jambo hili miaka ya 1980 katika machimbo ya Rumiqolqa, nje ya Cusco. Kwa gumba la kilo 4 hivi alinyoosha pande tatu za jiwe la andesaiti, lenye ukubwa wa ndoo, kwa saa moja na nusu. Alipofika kwenye kingo alibadilisha akashika gumba dogo, maana kubwa lingezimega. Badiliko hilo dogo la mkono ndilo utakalolitafuta siku mbili zilizobaki.

Siku ya pili rudi Cusco, mchana upumzike, na jua likianza kuinama nenda kichochoro cha Loreto kinachotoka Plaza de Armas. Ukiwa umeipa plaza mgongo, kanisa la Wajesuiti liko kulia kwako, na kushoto unaanza ukuta wa Acllawasi, nyumba ya wanawake waliotengwa kwa ajili ya ibada na kusuka nguo za mfalme. Hapa mawe yamepangwa kwa kozi, safu juu ya safu, makubwa chini na madogo juu. Sogea mpaka uso wako uwe kiganja kimoja kutoka kwenye jiwe, halafu utazame kwa ubavu, kuelekea upande ambao mwanga unatoka. Utaona vishimo. Katikati ya jiwe ni vipana, kama ncha ya kidole. Kadiri unavyokaribia kiungo vinapungua, vinabanana, hadi pembezoni kabisa unaona chembechembe tu. Pale fundi alibadilisha gumba. Kazi nzuri hubadilika polepole, kiasi kwamba huwezi kusema gumba kubwa liliishia wapi. Kazi ya kulipua huwa na mpaka: vishimo vikubwa, kisha ghafla ukanda laini wa upana wa kidole.

Ukiona mistari iliyonyooka badala ya vishimo, hiyo ni tindo ya chuma, na chuma kilikuja na Wahispania. Uso uliokatwa bapa kabisa, usio na kishimo hata kimoja, ni wa juzi, ni wa msumeno. Kwa alama hizo mbili peke yake utaweza kutembea Cusco na kuzitaja tarehe za kuta kwa kukisia bila kuaibika sana.

Sasa kiungo chenyewe. Wageni hutazama kiungo cha wima kwa sababu ndicho kinachovutia. Mwashi hutazama cha ulalo, kwa sababu ndicho kinachobeba uzito. Kwenye kuta nyingi za Kiinka viungo vya wima vimekazwa sentimita chache tu kutoka usoni, na nyuma yake pamejazwa udongo na kokoto. Sioni hilo kuwa udanganyifu. Ni fundi aliyejua pa kutumia nguvu zake. Kiungo cha ulalo, kinyume chake, hukazwa hadi ndani. Kwa hiyo fuata mstari wa ulalo kwa hatua kumi za mguu wako, bila kutazama kitu kingine. Je, unene wa kivuli chake ni ule ule mwanzo hadi mwisho? Panapoonekana kupanuka, je, kingo zimemeguka baadaye kwa tetemeko au kwa magari, au kiungo hakikuwahi kukaza? Ukingo uliomeguka una jeraha lenye rangi tofauti. Kiungo kilichochongwa vibaya hakina jeraha.

Chukua pia uzi na ufunguo wa hoteli, ujitengenezee timazi. Uning'inize bila kugusa jiwe, na utaona ukuta unakukimbia: umelala kwa ndani nyuzi tatu hadi tano. Milango na mashubaka nayo ni mipana chini na myembamba juu. Kwenye mlango, hesabu miimo. Mwimo mmoja ni jengo la kawaida la heshima. Miimo miwili, mmoja ndani ya mwingine, ni alama kwamba hapa hawakuingia watu wote.

Kutoka Loreto tembea hadi Hatun Rumiyoc, kwenye jiwe lenye pembe kumi na mbili na foleni yake. Ukuta huu ulikuwa wa jumba la mfalme Inka Roca, nao leo unabeba jumba la askofu mkuu. Mawe ni ya kijani kibichi cha giza, hayana kozi, kila moja na umbo lake, na yamefura usoni. Ni ukuta mzuri kweli, ila nitasema jambo litakaloudhi wauza kadi za posta: jiwe hilo maarufu si bora kuliko majirani zake. Lipe dakika mbili, kisha tazama mawe ya kushoto na kulia kwake, ambayo hayapigwi picha na yamekazwa vile vile. Halafu geuka nyuma. Kuta zilizojengwa baada ya ushindi wa Wahispania zipo mkabala, mawe ya kila namna yamekusanywa, mapengo yamezibwa kwa mota na vibanzi. Ulinganisho huo una mafunzo mengi kuliko pembe kumi na mbili.

Siku ya tatu ianzie Qorikancha, lililokuwa hekalu la jua, asubuhi linapofunguliwa. Kiingilio chake ni cha peke yake; tikiti kubwa ya watalii, ile Boleto Turístico ya siku 10 utakayoihitaji kwa Ollantaytambo na ngome ya Sacsayhuamán, haikuingizi hapa. Juu ya hekalu kumejengwa nyumba ya watawa ya Santo Domingo. Tetemeko la 1650 liliiangusha, la Mei 1950 likaibomoa vibaya tena, na mara ya pili vumbi lilipotulia kuta za Kiinka zilizokuwa zimefichwa nyuma ya lipu zilionekana, zikiwa zimesimama. Waliokarabati walikuwa na busara ya kuziacha wazi.

Ukiwa na muda wa ukuta mmoja tu Peru nzima, uwe ule uliopinda hapa, upande wa bustani, chini ya kibaraza cha kanisa. Ni andesaiti ya kijivu cha giza, kozi zimenyooka, uso hauna uvimbe. Kwenye ukuta ulionyooka fundi anaweza kuweka kamba na kuifuata. Hapa ukuta unapinda na wakati huo huo unalala ndani, kwa hiyo kila jiwe lilihitaji uso wenye mpindo wake, na kosa la unene wa kucha kwenye kozi ya chini lingeonekana kama nundu juu. Simama chini bustanini, utembee polepole kuufuata mpindo huku ukitazama mstari mmoja wa kozi. Hauvunjiki. Sijui kipimo kingine kikali zaidi ya hicho, na sijaona ukuta mwingine Cusco unaokipita kwa raha hivyo. Ndani, kwenye vyumba, tazama madirisha: ukiinama hadi jicho lilingane na moja, utayaona mengine yamejipanga nyuma yake.

Sacsayhuamán ibaki ya mwisho, kwa kuwa inahitaji miguu iliyozoea hewa. Kutoka plaza ni kupanda tu. Ukianza na hapa ukubwa utakulevya, na baada yake Loreto itaonekana kitu kidogo. Kuta tatu za mapindipindi zimejengwa kwa mawe ya chokaa, na kubwa kuliko yote linakadiriwa kupita tani 100. Usizipime kwa kipimo cha Qorikancha. Andesaiti ya kule ina ukingo mkali, mawe haya ya chokaa yana kingo za mviringo, viungo vyake vimezama ndani na kivuli chake ni kipana. Uliza swali lingine: jiwe la tani nyingi hivyo, ambalo huwezi kulijaribu na kuliondoa mara ishirini, limekaaje juu ya jirani yake? Mahali pengi limekaa bila upenyo, na hapo ndipo ukubwa unapokuwa sifa ya ufundi.

Mawe madogo ya juu hutayakuta. Kwa karne nyingi ngome hii ilifanywa machimbo ya mji, na kanisa kuu lililoanza kujengwa katikati ya karne ya 16 lilikula sehemu yake kubwa. Yaliyorudishwa na wakarabati utayatambua kwa udogo wake, kwa rangi yake, na kwa udongo unaoonekana kati ya jiwe na jiwe. Usiwahesabie hayo waashi wa kwanza.