Kipimo cha Nazi, Mafuta ya Ng'ombe

Maelekezo ya kutengeneza sabuni ya kufulia yanayonakiliwa kwenye semina za ujasiriamali, yakapita daftari hadi daftari, karibu yote huanza na ndoo ya mafuta ya nazi, ya mise au ya mawese. Kwa mtu wa Tanga au wa Kigoma hilo halina shida. Buhemba, huko Butiama, mafuta hayo huja kwa lori na nauli ya lori imo ndani ya bei. Yaliyo karibu ni ya ng'ombe. Mara ni mkoa wa mifugo, na bucha hubakiwa na yale mafuta magumu ya kwenye figo ambayo mteja hataki yapimwe kwenye kilo yake. Basi mtu huona mafuta ni mafuta, akabadilisha kiungo kimoja na kuacha mengine yote kama yalivyoandikwa. Hapo ndipo sabuni inapoharibika, tena kwa namna mbili ambazo mwanzoni, kwa macho, zinafanana kabisa na sabuni iliyofaulu.

Tuanze na kostiki soda. Sabuni hupatikana pale kostiki inapoyavunja mafuta, yakatoka sabuni na gliserini. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki inachomaliza: kilo moja ya mafuta ya nazi huchukua takriban gramu 183, ya mise 176, ya mawese 141, ya ng'ombe 140, ya alizeti 134. Kwa kilo moja tofauti hiyo yaonekana ndogo. Ipeleke kwenye ndoo ya lita 20. Mafuta ya nazi ya ujazo huo yana uzito wa kilo 18 na ushei, nayo yanataka kostiki kama kilo 3.4. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, ndoo ileile, yanataka kilo 2.5. Anayefuata kipimo cha nazi ameshazidisha zaidi ya robo tatu ya kilo, na kostiki hiyo haina mafuta ya kuvunja. Inabaki ndani ya mche. Sabuni itatoka ngumu, nyeupe, na sokoni itasifiwa. Mfuaji ndiye atakayejua, vidole vikianza kuchubuka na kanga kupauka.

Kinyume chake pia hutokea. Kostiki iliyoachwa kwenye mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ikaongezeka uzito huku nguvu ikipungua. Unapima kilo, unapata pungufu ya kilo. Kwa sababu hiyohiyo siafiki sana ule utaratibu wa kuloweka kostiki siku mbili tatu kabla ya kazi. Kuloweka hakuongezi nguvu yoyote. Kinachofanyika ni maji kupoa, na ndoo ikiwa wazi nguvu inapungua. Kinachofaa katika desturi hiyo ni kimoja, kwamba inamzuia mtu mwenye haraka asimimine maji yanayochemka. Na kostiki ndiyo huingizwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki. Kwa ndoo yetu ya mafuta, maji lita 5 hadi 6 yanatosha.

Kosa la pili ni la joto, na ndilo linalowashinda hata wazoefu. Maelekezo husema koroga mpaka iwe nzito kama uji, kisha mimina kwenye boksi. Kwa mafuta ya nazi, uzito huo ni ushahidi kwamba sabuni imeanza kushika. Mafuta ya ng'ombe huganda kwenye nyuzijoto 40 na kitu. Ukiyamwagia maji ya kostiki yaliyolala nje usiku kucha, yanapoa ghafla na kuganda ndani ya ndoo. Mchanganyiko unakuwa mzito kweli, lakini ulichokoroga ni mafuta yaliyoganda yakiwa yameshika matone ya kostiki. Kesho yake boksi lina tabaka la mafuta juu na maji makali chini, na lawama zinamwendea muuza kostiki.

Njia ya kutambua ni nyepesi. Chota kijiko kimoja, kishike juu ya mvuke wa maji yanayochemka. Kama ni sabuni, itabaki nzito. Kama ni mafuta yaliyoganda, yatayeyuka na kujitenga na maji. Ikiwa hivyo, rudisha vyote kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka vishikane. Hakuna kilichopotea isipokuwa kuni. Ila bora kuepuka tangu mwanzo: mafuta na maji ya kostiki vyote viwe karibu nyuzijoto 50 vinapokutana. Chombo kiwe cha chuma au plastiki ngumu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Kabla ya hayo yote kuna kazi ya kusafisha mafuta, nayo haitaki haraka. Yakate vipande vidogo, chemsha taratibu kwenye maji yenye chumvi, chuja kwa kitambaa, acha usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameganda juu ya maji kama sahani nene. Igeuze: upande wa chini una utando wa kahawia, mabaki ya nyama na damu. Huo ndio unaonuka. Ukwangue wote, kisha chemsha tena kwa maji mapya. Uzito wa kupigia hesabu ya kostiki ni wa mafuta yaliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa yale ya buchani yana ngozi na maji ndani yake.

Mafuta ya ng'ombe peke yake hutoa povu kidogo, na wateja wengi huhukumu sabuni kwa povu, ingawa uchafu huweza kutoka vizuri bila povu jingi. Viwanda vimezoea kuchanganya mafuta ya wanyama sehemu nne kwa nazi au mise sehemu moja, na mchanganyiko huo unafaa kabisa hapa. Kwa kilo 10, yaani 8 za ng'ombe na 2 za mise, kostiki ni kilo 1.47. Punguza kidogo, tuseme gramu 20 au 30, ili kinachobaki ndani ya mche kiwe mafuta na si kostiki. Kisha vipande vikae wiki nne mahali penye hewa.

Maji ya kufulia nayo yana neno. Maji ya Ziwa Victoria ni mepesi, sabuni yoyote inatoa povu. Maji ya kisima yaliyopita kwenye miamba aghalabu yana chokaa, na chokaa hugeuza sabuni kuwa utando wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni. Magadi kidogo kwenye maji, kabla ya kutia nguo, huitangulia sabuni kuiondoa chokaa hiyo.

Buhemba ni mahali pa dhahabu, watu wanabishana kwa pointi za gramu, halafu kostiki inapimwa kwa kikombe. Mizani ndogo ya dhahabu haiwezi kubeba ndoo, lakini inatosha kwa jaribio: gramu 100 za mafuta, gramu 14 za kostiki juu ya kipande cha nailoni isiguse chuma cha mizani, maji gramu 30. Kila mafuta mapya yapitie hapo kabla ya kugusa ndoo. Mizani unaweza kuiazima kwa mchimbaji. Beseni lake usiliazime: lililokamatishia dhahabu hubaki na zebaki usiyoiona, nayo itaingia kwenye sabuni na kuishia kwenye nguo za watoto.