Twiga kwa Bei Yake

Ukitoka Kilosa kwa njia ya Ulaya utaibukia Mikumi, na ukishika barabara ya Morogoro utakuwa ndani ya hifadhi. Humo kuna bango la faini kwa anayegonga mnyama: jina, kisha dola. Twiga 15,000. Simba 4,900. Madereva wa malori wanalijua bango hilo kuliko namba za simu za wake zao.

Mimi nachapa barua na notisi mjini Kilosa, na nachapia Emacs, kihariri unachoweza kukifundisha kazi mpya kwa lugha ya Lisp. Bango lile ningeliandika hivi:

((twiga . 15000) (simba . 4900))

Mabano, jina, nukta, thamani. Orodha za jozi kama hizi zimo tayari katika makala ya John McCarthy kuhusu Lisp, ya 1960, na sijaona sababu ya kuziona zimezeeka. Emacs yenyewe ina moja, auto-mode-alist: huko hutazama mwisho wa jina la faili ili ijue ilifungue kwa namna gani.

Mwanzoni nilizungushia majina alama za nukuu. Nikaita alist-get, inayotafuta thamani kwa jina, ikajibu nil, yaani hakuna. Twiga, nil. Simba, nil. Mchana mzima! Kumbe isipoagizwa vinginevyo hulinganisha kwa eq, na eq haisomi herufi. Huuliza kama ni kitu kile kile. "twiga" niliyoandika mimi na "twiga" ya kwenye orodha walikuwa mapacha, na eq haimpokei pacha kwa niaba ya nduguye. assoc, nayo ya kutafuta, hutumia equal, inayosoma herufi. Nikabadilisha neno moja, faini zikaja.

Ninachokipenda zaidi ni push. Daftari la mkopo dukani hukatwakatwa kwa kalamu hadi halisomeki. Hapa bei mpya huwekwa mbele, na kwa kuwa utafutaji huanzia mbele na kuishia kwa jina la kwanza linalolingana, ya zamani hujificha nyuma bila kufutwa. Ondoa ya mbele, ya zamani inajitokeza tena, nzima.

Juzi dereva mmoja aliyefuata notisi aliinamia skrini yangu.

"Na kicheche, kaka?"

Nikaandika. nil.

"Kwa hiyo huyo bure?"

"Hapana, kaka. Huyo sijamwandika."