Pikseli Iliyobaki

Shika ukingo wa dirisha la programu kwa kipanya, ulivute kulia taratibu. Kama aliyelipanga ni fundi, hutaona la ajabu. Orodha ya mafaili kushoto inapanuka kidogo, uwanja wa kuandikia katikati unapanuka zaidi, vitufe vinabaki vilevile. Kama lilipangwa kwa pupa, utajua papo hapo: kitufe kimoja kimekuwa kirefu kama benchi, maandishi yamekatika, na upande mmoja kuna uwazi wa kijivu usio na mwenyewe.

Chombo ninachokipenda kwa kazi hii ya kupanga paneli, yaani sehemu za dirisha, ni GridBagLayout ya Java, kilichokuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. Waandishi wa programu wamekilalamikia mno, na sishangai. Unakipa kila paneli na namba ya uzito wake, weightx kwa upana na weighty kwa kwenda juu. Usipoiandika, inahesabiwa sifuri, na paneli zako zote zinajikunyata katikati ya dirisha. Anayejifunza huandika 1, 2, 1 kwa paneli tatu, akitegemea ile ya kati ichukue nusu ya upana. Haichukui, naye hudhani programu ina hitilafu.

Haina. Uzito haugawi dirisha, unagawa ziada. Kwanza kila paneli inaulizwa inapenda upana gani. Tuseme ya kwanza inataka pikseli 200, ya pili 150, ya tatu 250: jumla 600. Dirisha likiwa na 1000, zimebaki 400, na hizo ndizo zinazogawanywa kwa 1, 2, 1. Mwisho wake ni 300, 350 na 350. Ukitaka 250, 500 na 250 kamili, sharti paneli zote ziseme hazitaki kitu, upana zinaoupenda uwe sifuri, ili dirisha zima liwe ziada.

Waliosoma mirathi ya Kiislamu wataujua mpango huu mara moja: wenye mafungu maalumu hutangulia, kisha asaba huchukua kinachobaki. Lakini wanazuoni wa mirathi walifikiria pia siku ambayo mafungu yanazidi mali. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili, jumla ni saba juu ya sita, mali haitoshi. Basi kwa kanuni ya auli mali inafanywa mafungu saba, mume apate matatu na dada manne. Kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano uleule.

GridBagLayout haina auli. Dirisha likipungua hata pikseli moja chini ya zile 600, inaacha kabisa hesabu ya ukubwa unaopendwa na kushika ile ya ukubwa wa chini. Kisanduku cha kuandikia kilichokuwa kipana kinaweza kuanguka ghafla kikawa ufa mwembamba. Na kuna jambo la kuudhi zaidi: upungufu wa kwenda juu pekee unatosha kuleta anguko hilo kwenye upana. Mtumiaji amepunguza kimo, anashangaa upana umeharibika. Hapo ndipo mafundi huandika mpangaji wao wenyewe. Java inadai mbinu tano tu: kuongeza, kuondoa, kutaja ukubwa unaopendwa, kutaja ukubwa wa chini, na kupanga.

Katika hiyo ya tano mkono wa fundi unaonekana. Gawa pikseli 1000 kwa paneli tatu sawa. Kila moja inapata 333 na sehemu, na skrini haijui sehemu ya pikseli. Ukikata sehemu hizo, unapata 999, na kulia kabisa unabaki mstari mwembamba wa rangi ya nyuma. Vuta dirisha: kwenye 1001 mstari umekuwa wa pikseli mbili, kwenye 1002 umetoweka, kwenye 1003 umerudi. Ukingo mzima unatetemeka. Fundi hahesabu upana, anahesabu mipaka. Mpaka wa kwanza uko 333, wa pili 667, wa tatu 1000, na kila paneli inaanzia pale mwenzake alipoishia. Ya kati imepata 334. Hakuna jicho litakaloona kwamba imependelewa, na hakuna pikseli iliyokosa mwenyewe.

Kisha anakuja mtumiaji, anashika kigawanyo kati ya paneli mbili na kukisogeza anakotaka. Uwiano wa fundi umekwisha, sasa ni wake. Programu nyingi huhifadhi mahali hapo kwa pikseli: 640 kutoka kushoto. Kesho akiifungua kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, paneli ya kulia imebanwa ukutani. Aliyepahifadhi kama 0.4 ya upana amemwondolea adha hiyo, mradi akumbuke kwamba JSplitPane, paneli ya Java yenye kigawanyo hicho, haiisikii namba hiyo kabla dirisha halijatokea kwenye skrini. Ikipewa mapema, inazidisha 0.4 kwa upana wa sifuri.