Punda mbele ya Mfalme wa Majini

Katika karne ya 4 ya Hijra, Ikhwan al-Safa wa Basra walitunga kisa cha wanyama kuwashitaki wanadamu kwa mfalme wa majini. Kisa ni kirefu, lakini shitaka la punda lasomeka nyumbani baina ya Magharibi na Isha. Punda alalamika: mgongoni mawe na chuma, na juu yake fimbo. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kisa hakikomei kwenye huruma. Kasuku naye awaumbua wanadamu kwa watawala na makadhi wao wanaodhulumu watu. Nami naona ndipo penye somo: mkono unaompiga punda hauko mbali na ule unaokula mali ya yatima.

Mwisho huwatatiza wengi, kwani wanadamu washinda. Washinda kwa nini? Si kwa akili wala umbo zuri. Hoja hizo wanyama wazivunja zote. Washinda kwa ahadi ya Akhera, na kwa kuwa miongoni mwao wako mitume na mawalii. Basi mzazi, usifunge kitabu hapo, mwanao akadhani ni yeye aliyeshinda. Mwulize: jana, na ile fimbo mkononi, alikuwa upande gani?