Wanaolea Vimelea

Mkono wa fundi yule hautetemeki. Yuko Kisian, kwenye maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, mwendo mfupi wa matatu kutoka mtaani kwetu Kaloleni, Kisumu, ukishika barabara ya Busia. Anafyonza maji ya jana yaliyotulia juu ya tabaka la damu, anarudishia mapya, polepole, asije akaitibua. Ndani ya damu hiyo mna vimelea vya malaria, naye ndiye mlezi wao. Joto nyuzi 37, chakula kila siku, hata Jumapili. Sijaona subira ya namna hiyo tangu mafundi cherehani wa zamani watuhame.

Hadi mwaka 1976 hakuna aliyeweza kuvikuza vimelea hivi mfululizo nje ya mwili. Waliofaulu ni William Trager na James Jensen, New York, na walitumia mshumaa! Waliuwasha ndani ya chombo cha kioo chenye visahani, wakafunika, ukala oksijeni mpaka ukazimika wenyewe; vimelea hivi hupenda oksijeni haba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na mitungi ya gesi. Gesi hupimika vizuri, sibishi, lakini mshumaa naulilia.

Vikishakua, hutiwa dawa kwa vipimo vinavyopungua, vikasubiriwa hata saa 72, ndipo ijulikane dawa ingali na makali au imezoeleka. Dawa hujaribiwa pia kwenye seli zisizo na hatia, kama zile za figo ya tumbili zilizoanza kukuzwa Japani mwaka 1962, maana kinachoua kimelea na figo pamoja ni sumu.

Dawa za malaria zilizozoeleka tunazijua: klorokwini ilitushinda, Kenya ikaiacha mwaka 1998. Iliyofuata haikudumu, mwaka 2004 tukaamua kuhamia dawa mseto. Na sasa Uganda, jirani tu hapo, vimeshaonekana vimelea vinavyoistahimili artemisinini, nguzo ya mseto huo.

Huku mtaani mtu ananunua nusu dozi. Mwingine homa ikishuka anafunga vilivyobaki kwenye karatasi, akiba ya mtoto atakayeugua. Kazi ya mikono ile yote inaishia kwenye droo.

Dozi ya kawaida ya mseto huo kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Vimezeni vyote, jamani.