Nukta ya Kijani, Mbuyu wa Hawe

Fungua OpenStreetMap, nenda Kilifi, halafu vuta karibu mpaka ramani igome. Hapo ndipo miti hutokea: kiduara cha kijani kilichofifia, kitone cha kahawia katikati. Ramani hii ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na huandikwa na watu wa kujitolea. Ndani yake mti mmoja ni nukta yenye latitudo, longitudo na lebo. Ukipenda unaongeza spishi, urefu, mzingo wa shina. Yaani mwenye simu na futi kamba anaweza kuuandika mbuyu.

Mimi huisoma kama riwaya, nikiangalia nani amepewa jina na nani amepita tu. (Chuo sikumaliza, kwa hivyo tabia hii sikufundishwa na mtu.) Mara ya mwisho nilipoangalia, shamba la hawe, nyanya yangu, upande wa Tezo, lilikuwa weupe mtupu.

Linganisha na JazaMiti, programu ya serikali ya kufuatilia ile ndoto ya miti bilioni 15 ifikapo 2032. Huko shujaa ni mche. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda, na sina ugomvi na miche. Lakini hadithi inayohesabu kilichopandwa jana haina mahali pa kuuweka mti uliokuwepo kabla ya serikali yenyewe. Kompyuta nazo zimeingia: mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wamehesabu, kwa picha za setilaiti, mti mmoja mmoja katika Sahara ya magharibi na Saheli, wakapata zaidi ya bilioni 1.8. Kazi nzito, kweli. Ila haikuambii ni mti upi watu hutambikia.

Ndiyo maana nukta ya kuandikwa kwa mkono ilinivutia. Kisha ikaja 2022. Mibuyu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili ipelekwe Georgia, huko Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa, na baadhi yao walisema wazi wanataka nafasi ya kulima mahindi. Novemba mwaka huo Rais Ruto akaamuru vibali vichunguzwe.

Baada ya hapo niliitazama *Taming the Garden*, filamu ya Salomé Jashi ya 2021, kuhusu miti mikubwa ya Georgia yenyewe inayonunuliwa vijijini kwa ajili ya bustani ya tajiri mmoja. Hakuna msimulizi. Mti unaelea baharini, wima, juu ya jahazi la chuma, na mnunuzi hatumwoni hata mara moja. Hapo nikaiona kasoro ya ramani niipendayo: nukta hudhani mti hausogei. Mti ukiondoka, mtu anafuta nukta na ukurasa unabaki safi. Historia imo kwenye hifadhidata, sawa, lakini nani huichungulia? Filamu ya Jashi haifuti. Inalibakiza shimo, na watu waliosimama kando yake.

Sasa, kuna upande mwingine, na huu ndio unaoninyima usingizi. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini mahali fingo ilipozikwa ni wazee wachache tu wanapajua. Kutosema ndio ulinzi wenyewe. Vigango vilivyosimama wazi viliibiwa, vikaishia hadi kwenye makumbusho ya Marekani.

Nilienda kwa hawe na futi kamba. Tuliuzungusha mbuyu, yeye akishika ncha moja. Baba mdogo, ambaye ameshauliza mara mbili shina kama hilo linaenda shilingi ngapi, alikaa barazani akitutazama.

"Hiyo simu ikishajua mbuyu uko wapi," hawe akauliza, "itamwambia nani?"

"Kila mtu, hawe."

"Na usipouandika?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia siku ukiuzwa, hakutakuwa na pa kuonyesha kwamba ulisimama hapa.

Akaangalia barazani, akaniachia ncha ya futi. "Andika kwanza kwa daftari."

Simu ilisema imekosea kwa mita 6. Mzingo upo kwenye daftari, kwa kalamu. Nukta sijaituma.